Nani Anabebeshwa? Neno "trouble" na ukoo wake

(Hotuba kwa wafasiri, wahariri na walimu wa lugha)

Ndugu wafasiri, wahariri na walimu wenzangu, nawashukuru kwa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie visawe. Mada hiyo ni pana mno kwa kikao kimoja, kwa hiyo nimechukua neno moja tu la Kiingereza, ambalo kila aliyemo humu amelifasiri mara nyingi bila kulitazama usoni: "trouble". Mtoto wa shule ya msingi analijua. Kamusi ndogo ya mfukoni itakwambia ni shida, taabu, matata, usumbufu, kisha inanyamaza. Sisi ndio tunaobaki na sentensi mkononi.

Nitaitaja hoja yangu mapema ili mnibane nayo. Tulifundishwa kwamba visawe hutofautiana kwa uzito: hili kali, lile jepesi, lile la kati. Kwa neno hili na jamaa zake, uzito ni jambo dogo. Kinachoyatenganisha ni nani anabebeshwa: nani mwenye kosa, nani anayeumia, na nani anayetarajiwa kuliondoa jambo lenyewe. Mwingereza akishachagua neno, maswali hayo amekwisha kuyajibu nusu. Mfasiri asipoliona hilo atatoa Kiswahili kizuri chenye maana iliyopinda.

Asili yake kwanza. Neno hili liliingia Kiingereza yapata karne ya 13 kutoka Kifaransa cha kale, na nyuma yake kuna Kilatini: "turba", ghasia ya umati, na "turbidus", yaani kitu kilichovurugika, kama maji yaliyokorogwa tope likapanda juu. Maana hiyo ya maji ilikuwa hai bado mwaka 1611, ilipotoka Biblia ya Kiingereza ya Mfalme James. Katika Yohana 5:4 malaika anashuka birikani, na Kiingereza kinasema "troubled the water". Biblia yetu ya Union Version inasema aliyatibua maji. Aliyatibua! Kiswahili kimefika palepale kwa miguu yake. Maji hutibuka, mambo hutibuka, mtu hutibua mipango ya wenzake. Bahari huchafuka, hali ya hewa huchafuka, na nchi ikichafuka tunasema kuna machafuko. Picha hiyo tunayo zamani. Ugumu wetu ni kwamba Kiingereza kimerundika chini ya neno moja mambo ambayo sisi tumeyagawa.

Shikeni Biblia hizo mbili mlifuate neno hilo. Ayubu 5:7, Mwingereza anasema mwanadamu amezaliwa kwa "trouble". Sisi tunasema huzaliwa apate mashaka. Ayubu 14:1, siku za mtu zimejaa "trouble". Sisi, hujaa taabu. Zaburi 46:1, Mungu ni msaada wakati wa "trouble". Sisi, wakati wa mateso. Yohana 14:1, mioyo yenu isiwe "troubled"; sisi, msifadhaike. Kutibua, mashaka, taabu, mateso, kufadhaika: Kiswahili kimetumia maneno matano mahali Kiingereza kimetumia moja.

Najua kuna mtu anataka kuninyoshea kidole aseme wafasiri wetu walikuwa na Kiebrania na Kigiriki cha kutazama. Ni kweli. Aya zile mbili za Ayubu na ile ya Zaburi zina maneno matatu tofauti ya Kiebrania, na Kiingereza ndicho kilichoyafunika. Lakini tazameni Yohana. Kigiriki cha maji na Kigiriki cha mioyo ni kitenzi kimoja, "tarasso", na bado Kiswahili kikagawa: maji yakatibuliwa, mioyo ikafadhaika. Waliotufasiria walitazama kilichovurugwa ni nini. Maji hayafadhaiki.

Sasa tumtaje Peter Mark Roget, kwa sababu kila orodha ya visawe inayotokea mkiandika kwenye kompyuta ina deni kwake. Alikuwa daktari, akaanza kujikusanyia maneno mwaka 1805, na kitabu chake cha hazina ya maneno kikatoka 1852, yeye akiwa na miaka 73. Aliyapanga maneno kwa maana, na mara nyingi kwa jozi zinazopingana: ugumu upande huu, wepesi upande ule. Ni kazi kubwa. Ila alikusudia kumsaidia mtu ambaye lugha tayari anaijua, na neno limempotea tu kichwani. Tukimpa orodha hiyohiyo mwanafunzi wetu tukamwambia "haya ni visawe, chagua", tunamkosesha. Orodha inaonyesha nani ni ndugu wa nani. Haionyeshi nani hukaa na nani.

Chukueni "problem". Mwezi Aprili 1970 chombo cha Apollo 13 kikiwa safarini kuelekea mwezini, yapata kilomita 320,000 kutoka duniani, tangi la oksijeni lilipasuka. Maneno waliyotuma wanaanga, Jack Swigert kisha James Lovell, yalikuwa "Houston, we've had a problem", kwa wakati uliokwisha kupita kidogo. Watu wameyapindisha baadaye kuwa "tuna" badala ya "tumepata". Mimi hunivutia zaidi neno lenyewe walilochagua. Mtu yuko gizani, hewa inavuja, na anasema "problem". Ni neno la meza ya kazi. Asili yake ni Kigiriki, kitu kilichotupwa mbele ya watu wakitazame. Halina mkosaji, na linawaita watu waje kulishughulikia. Lau angesema "we're in trouble", angekuwa amesema hofu yake. Yeye alitoa taarifa.

Hapa Kiswahili kina mwenzi safi, nacho ni tatizo. Tata, tatiza, tatizo, na kinyume chake tatua, kama funga na fungua. Kilichotatizwa hutatuliwa. Na "solve" ya Kiingereza inatoka kwenye kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kulegeza, kufungua. Lugha mbili zisizo na udugu zimekutana kwenye fundo. Ndiyo maana Mwingereza husema "solve a problem" lakini hasemi "solve a trouble". Neno "trouble" halifunguliwi. Mtu huingia ndani yake na kutoka, kama mahali. Nasi tuna "ni" ya mahali inayofanya kazi hiyohiyo: yuko matatani, ameingia mashakani, wako taabuni.

Tahadhari moja ndogo kabla sijasahau. Katika kitabu cha hisabati, "problem" ni swali au hesabu. Nimeona maelekezo yaliyoandikwa "tatua matatizo yafuatayo" juu ya kazi ya kujumlisha. Watoto wale hawana tatizo lolote. Wana hesabu.

Narudi kwenye "in trouble", maana hapo ndipo penye utajiri. Maneno mawili tu, na kila anayeyatumia ana jambo lake. Mtoto aliyevunja kikombe akisema "I'm in trouble", anaogopa adhabu. Kiswahili chake ni "leo nitakiona", na akiwa na ulimi mrefu ataongeza "cha mtema kuni". Muogeleaji aliye "in trouble" hana kosa, amezidiwa na maji. Kampuni iliyo "in trouble" inayumba. Mtu aliye "in trouble with the police" ana kesi, au anatafutwa. Ukiwafasiria wote hao "yuko katika shida", hujadanganya, lakini msomaji hajui kama amwonee huruma, amkimbilie na kamba, au aondoe fedha zake benki.

Kuna matumizi mengine ambayo kizazi cha sasa cha Waingereza kimeyaacha nyuma, ila mtakutana nayo katika vitabu vya zamani. Msichana akitajwa kuwa "in trouble", bila maelezo zaidi, maana yake alikuwa amepata mimba nje ya ndoa. Tazameni sentensi ilivyojengwa. Yumo msichana, imo aibu, imo adhabu inayomsubiri. Mwanamume hayumo. Hakuna neno lililokatazwa wala uongo uliosemwa. Sarufi peke yake imembebesha mmoja mzigo wa wawili. Ukifasiri "alipata matatizo", umekificha kilichotokea. Ukifasiri "alipata mimba", umekitaja kilichotokea lakini ile lawama ya majirani umeiacha. Mimi ningetafuta neno la waliokuwa wakimsema: "ameharibika", au "yamemkuta", kutegemea ni nani anayesimulia.

Ondoa "in", weka kitenzi mbele, na lawama inayeyuka. "I had trouble finding your office": nimehangaika kuipata ofisi yenu. "She has trouble breathing": anapumua kwa shida. Tazameni jinsi Kiswahili kinavyolishusha jina likawa namna ya kutenda: kwa shida, kwa taabu, kwa tabu sana. Tafsiri nyingi za siku hizi huandika "ana shida ya kupumua" au, vibaya zaidi, "anakabiliwa na ugumu katika kupumua". Hiyo ya pili ina harufu ya mashine. Mtu anayekosa pumzi hakabiliwi na kitu, anahema.

Dada yake mstaarabu ni "difficulty". Kwa Kilatini ni kinyume cha kilicho rahisi kutenda, na mpaka leo linavaa suti. Daktari huandika "difficulty swallowing", mgonjwa husema "I've got trouble swallowing". Tatizo ni moja, ofisi na kitanda ndivyo vinavyotofautiana. Walimu, wasaidieni wanafunzi hapa: katika matumizi haya Kiingereza hakihesabu. Hawasemi "a trouble" wala "many troubles to understand". Shida yetu haibadiliki umbo, moja ni shida na kumi ni shida, ndiyo maana wanafunzi wetu hupachika "a" na "s" kwa kubahatisha.

Halafu kuna "take the trouble", ambapo neno linageuka kuwa zawadi. Aliyechukua "trouble" kukupigia simu amekuheshimu: hakuona tabu, alijisumbua kwa ajili yako. Na akijibu "no trouble at all", anakuondolea deni. Si kitu, wala usijali. Sisi tuna "samahani kwa usumbufu", ambayo ni "sorry for the trouble" iliyokaa vizuri kabisa, na tuiache hivyo.

Kwa vyombo na mitambo sina mengi. Gari likiwa na "engine trouble", injini ina hitilafu, na mafundi wanalo neno hilo tangu zamani. "Troubleshooting" ni kutafuta hitilafu. Haipigwi risasi.

Sasa wahariri wa habari, hili ni lenu. "Troublemaker". Mzazi akimwita hivyo mwanawe, ni mtukutu. Majirani wakimsema mwenzao, ni mkorofi au mchokozi. Mkuu wa polisi akiwaita hivyo waandamanaji, mkono wa mwandishi hukimbilia "wachochezi". Subirini. Uchochezi ni kosa la jinai. Kiingereza kimewatukana tu. Ninyi mmewafungulia mashtaka. Kama msemaji hakutaja uchochezi, andikeni wakorofi, au andikeni kwamba aliwaita watu wa vurugu, na mweke wazi kwamba maneno ni yake.

Nigeuze upande, maana wengi wenu mnafasiri kwenda Kiingereza pia, na huko mtego mkubwa ni shida yetu wenyewe. Neno shida limetoka Kiarabu, likiwa na maana ya ukali na ugumu, lakini sisi tumelipa kazi ambayo Mwarabu hakulituma: tumelifanya haja. "Nina shida na wewe" kwa kawaida ni ombi la adabu: nina jambo, naomba unisikilize. Mwambie Mwingereza "I have a problem with you" uone atakavyokunja uso, kwa sababu kwake umetangaza ugomvi. "Nina shida na kalamu" yaweza kuwa naihitaji kalamu. Na karani anayemwuliza mzee mlangoni "Una shida gani, baba?" anamkaribisha, ukiifasiri "What's your problem?" umemtusi mzee kwa niaba ya karani asiye na hatia. Hapo Kiingereza kinataka "How can I help you?", sentensi isiyo na shida ndani yake hata chembe. Wakalimani wa mahakamani na hospitalini, nyinyi hamna muda wa kufuta na kuandika upya. Shahidi akisema "nilikuwa na shida naye", msikurupuke. Ulizeni, kwa ruhusa ya hakimu, kama alimtafuta au aligombana naye. Ushahidi mzima unaweza kupinduka hapo.

Maneno yetu mengine ya ukoo huu yana siri zake. Taabu ni Kiarabu cha uchovu. Ndiyo maana hukaa vizuri na kazi na safari. Dhiki ni wembamba, kubanwa, na Kiingereza nacho husema "in dire straits", yaani kwenye mlango mwembamba wa bahari. Ile methali ya baada ya dhiki faraja ina picha kamili ukiijua asili yake: kubanwa, kisha kufunguliwa. Kwa hiyo "hardship", hali ngumu inayodumu na kumkaba mtu pande zote, mimi huiita dhiki kabla ya kufikiria kitu kingine. Ikiwa ni ya fedha tu, ni ukata.

Na mtaani? Kasheshe, soo, msala. Kijana anayesema "kimenuka" amefasiri "we're in trouble" kwa neno moja, na hakuna kamusi iliyomsaidia. Katika mazungumzo ya hadithi au manukuu ya filamu, yatumieni bila aibu, ila jueni yanazeeka upesi. Mhusika mwenye umri wa kuwa babu asiseme soo kama hana sababu.

Nina mawili yaliyobaki, na yote ni maneno ya wenye mamlaka. La kwanza ni "the Troubles", kwa herufi kubwa na kwa wingi. Hivyo ndivyo Waingereza na Waayalandi wanavyovitaja vita vya Ireland ya Kaskazini, vilivyoanza mwishoni mwa miaka ya 1960 na ambavyo kwa kawaida huhesabiwa kuwa vilikoma kwa Mkataba wa Ijumaa Kuu, tarehe 10 Aprili 1998. Watu zaidi ya 3,500 waliuawa. Mabomu, wanajeshi mitaani, na jina lake ni neno lilelile la kikombe kilichovunjika. Jina hilo halisemi nani alimpiga nani. Wengine huona hiyo ndiyo faida yake, kwamba pande zote zaweza kulitamka; wengine huona ni njia ya kukwepa kusema vita. Mfasiri hana haki ya kuamua ugomvi huo kwa chaguo la neno. "Matatizo ya Ireland" ni dhaifu hadi kuchekesha, "vita" ni kuchagua upande katika hoja. Mimi husema Machafuko, kwa herufi kubwa, na nafurahi kwamba kwa neno hilo tunarudi kwenye maji yaliyovurugika bila kumlazimisha mtu.

La pili ni "challenge". Mnalijua linakokwenda. Neno hili lilitokana na Kilatini "calumnia", masingizio, na Kiingereza cha zamani kililitumia kwa mashtaka: lilikuwa na mshtaki na mshtakiwa, wote wamesimama. Leo katika ripoti za ofisi halina hata mmoja. Kinachokwama, kinachoibwa, kinachochelewa, vyote ni "challenges". Nasi tumelipokea kwa mikono miwili kama changamoto, hadi changamoto nzuri, ile inayomwamsha mtu ajitahidi, mpinzani hodari au mtihani mgumu, imekosa pa kukaa. Siamini tuipige marufuku. Mwanariadha aliyesema "I love a challenge" anastahili changamoto yake. Lakini sentensi ya ripoti, "We experienced some challenges with the water supply", tuifanyeje? "Tulikutana na changamoto za maji" ni tafsiri inayopita kila mahali na haisemi chochote. Kiswahili kinachojua kilichotokea kingesema maji yalikatika, au hayakuwahi kufika, au yalifika machafu, au bomba lilipasuka na fundi hakuja. Ni mambo manne, na kila moja lina mtu wake wa kuulizwa.

Mwenye ripoti huenda asipendezwe. Ataomba changamoto yake irudishwe, na kwa kuwa ripoti ni yake, mtamrudishia. Ila kabla hamjafuta, mwulizeni maji yalikatika siku ngapi, na muandike jibu lake pembeni. Asanteni. Kama kuna mwenye shida nami, kwa Kiswahili, nipo hapa mbele.